Kufuli ya Nne

Kila Jumamosi alasiri, binti wa fundi cherehani alipomaliza kufagia nyuzi sakafuni, mama yake aliangua ufunguo mdogo msumarini na kwenda kwenye kikundi cha akiba. Sanduku la kikundi lilikuwa na kufuli tatu, na funguo zake zilikaa kwa wanawake watatu tofauti. Akikosekana mmoja, halifunguki.

Binti aliuchukia ufunguo ule. Binamu yake wa nyumba ya jirani, waliyembandika jina la Kipusa, alikuwa amenunuliwa viatu vyekundu, na alipita navyo mlangoni hata asipokuwa na safari. Binti akiomba vyake, mama humjibu asubiri, hela imeingia sandukuni. Jumamosi moja, kwa wivu, aliuficha ufunguo kwenye gunia la mabaki ya vitambaa, akijiambia kwamba wanakikundi watamchoka mama na kumrudishia hela zake.

Mama alikuwa bado anapekua nyumba mama mdogo, mama yake Kipusa, alipoingia mbio, amembeba Kipusa mgongoni. Mtoto alihema kwa shida, mbavu zikibonyea. Daktari wa zahanati alikuwa ameagiza apelekwe hospitali mara moja, na nyumbani kwao hapakuwa na hata nauli. Mama mdogo, aliyezoea kulicheka sanduku, sasa alimsihi dada yake amkopee.

"Ningekopa sasa hivi," mama alisema, "lakini ufunguo siuoni."

Binti alivitazama viatu vyekundu vikining'inia miguuni mwa Kipusa. Wivu ulimwambia anyamaze, Kipusa naye aonje kukosa. Kipusa akakohoa, akashindwa kuvuta pumzi. Binti aliona aibu, akazamisha mkono guniani.

"Niliuficha mimi, mama," alisema huku akilia.

Mama aliupokea, akatoka mbio. Sanduku likafunguliwa, na Kipusa akafikishwa hospitali mapema. Ilikuwa nimonia, na alipona.

Siku Kipusa aliporudi, mama alimketisha binti kando ya cherehani.

"Sisi hatuna benki ya kutukopesha," alimwambia. "Hicho kidogo tunachoweka pamoja ndicho kinachotuwezesha kumwahi mgonjwa kabla hajazidiwa. Wivu wako ulitia kufuli ya nne, mwanangu, na ufunguo wa hiyo unao wewe peke yako."

Jumamosi iliyofuata binti aliubeba ufunguo mwenyewe kando ya mama, mama mdogo akiwafuata nyuma kwenda kujiunga. Viatu vyekundu alivitamani bado, lakini hakusimama kuvitazama.