Mume Wangu Alikodisha Ghala la Chuo, Nikampoteza Kabula

Mimi ni mwanamke wa miaka sabini na mmoja, mkufunzi wa zamani, na ninaishi Bariadi mjini. Sina mume, ingawa mume wangu yuko hai. Ndugu wasomaji, nimekaa na jambo hili moyoni miaka mingi, na nimeona nisiende nalo kaburini...

Nilianza kufundisha somo la lishe nikiwa bado msichana, katika chuo kimoja cha kilimo cha serikali, nje kidogo ya mji wetu. Nyakati zile chuo kilikuwa kama boma la mtu mwenye uwezo. Tulikuwa na ng'ombe wa maziwa, shamba la mahindi, shamba la pamba la mafunzo, na bwalo ambalo wanafunzi walikula wakashiba bila mzazi kuulizwa chochote. Mtoto wa mfugaji wa Sapiwi alifika na sanduku lake la mbao tu, serikali ikampa godoro, jembe na sare. Jioni nikipita bwaloni nilisalimiwa kwa Kisukuma "mwadila, mayu", yaani habari za jioni, mama, kila meza. Nilijiona mama wa watu wengi.

Mume wangu, Limbu, nilimpata hapohapo chuoni. Alifundisha kilimo cha pamba. Alikuwa mcheshi, na hakuona aibu kushika jembe mbele ya wanafunzi. Mungu hakutujalia mtoto, basi mdogo wangu Holo, aliyeolewa kijijini Sola, akatupa binti yake Kabula tumlee. Kwetu Usukumani mtoto wa mdogo wako ni mtoto wako, hakuna anayeuliza maswali. Kabula aliniita mayu, akamwita Limbu baba, na alipomaliza sekondari akajiunga na chuo chetu. Nilimfundisha darasani mtoto niliyemfundisha kutembea!

Kisha zikaja zama za ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya mjini yalijaa vitu, mitumba ikafika hadi minadani, na sisi tulifurahi kama wengine. Baada ya miaka ya kupanga foleni, nani angekataa sabuni?

Lakini chuoni mambo yalianza kwenda upande. Fedha za serikali zilichelewa, halafu zikapungua. Wazazi wakaambiwa wachangie gharama. Ng'ombe wa maziwa wakauzwa wote, na asubuhi iliyofuata zizi lilikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia mlango wake ukigongwagongwa na upepo. Wafanyakazi wakaanza kupunguzwa. Mara dereva, mara seremala, mara mtu uliyekunywa naye chai jana... Tuliobaki tuliogopa hata kukohoa kikaoni.

Ni katika kipindi hicho Limbu aliteuliwa kuwa mkuu wa chuo. Siku hiyo nilipika pilau, nikaalika majirani. Laiti ningejua!

Ushirika ulikuwa umedorora, na wafanyabiashara binafsi waliingia kwa kasi kwenye pamba. Mmoja wao, Jilala, alikuwa akitafuta mahali pa kuweka dawa za kuua wadudu wa pamba. Limbu akamkodisha nusu ya ghala letu la chakula. Upande huu mahindi ya wanafunzi, upande ule mapipa ya sumu, katikati ukuta wa mabati tu.

Alitutangazia kikaoni. Alisema chuo sasa lazima kijitegemee, na anayeng'ang'ania ya zamani atabaki nyuma. Watu wakapiga makofi. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa jiko, na niliona hatari, lakini ningempingaje mume wangu mbele ya watu? Nilingoja tufike nyumbani. Nilisema yangu, akanisikiliza, akageukia ukuta akalala.

Mvua zilipoanza, ghala likaanza kunuka. Ilikuwa harufu ya kukwaruza koo. Paka waliokuwa wakiwinda panya mle ndani hawakuonekana tena. Halafu kuku wa jirani, aliyezoea kudonoa punje mlangoni, alikutwa amelala ubavu, miguu imenyooka. Nikaingia, nikainama... Sakafu ilikuwa na majimaji yaliyopenya chini ya mabati kutoka upande wa Jilala, na magunia ya chini yalikuwa yameloa.

Nikamwambia Limbu. Alisema ni maji ya mvua tu. Nikamwambia tena. Alisema nisubiri kwanza wageni wa wizarani waje na waondoke. Nikamwambia mahindi yaliyoloa nayatenga, yafukiwe. Alinitazama kama mtu asiyenifahamu.

"Mama Kabula, unataka wageni waambiwe ninafukia chakula cha wanafunzi?"

Sikubishana. Mimi na wapishi tuliyavuta magunia yale pembeni, na nikawakataza yasiguswe. Nilidhani nimemaliza.

Mara ikaja habari ya msiba. Mjomba wangu alikuwa amefariki huko Nassa. Limbu alinihimiza niende, niwahi, nisiwe na wasiwasi na jiko. Akanitafutia hata nafasi kwenye lori la samaki. Na mimi nikamshukuru!

Nassa nilikaa na waombolezaji, lakini mawazo yalikuwa ghalani. Nilikuwa nikisikia gari barabarani, nasimama. Watu walidhani ni uchungu wa mjomba. Siku ya kuanua matanga gari la chuo lilifika kweli. Mkufunzi mwenzangu alishuka bila kusalimia mtu. Akanishika mkono, akaniambia Kabula na wenzake wamelazwa, twende.

Hospitalini wanafunzi walikuwa wamelazwa hadi chini kwenye mikeka. Walitoka jasho, mate yakiwachuruzika, wengine wakitetemeka. Kabula alikuwa kitandani karibu na dirisha. Alinitambua. Nilipiga magoti nikaweka sikio karibu na mdomo wake.

"Mayu, ugali ulinuka," alisema. "Baba alikuja bwaloni. Akasema tule, hauna neno."

Hakusema tena. Wenzake walipona, mmoja baada ya mwingine. Kabula wangu hakupona...

Mazishini, mpishi mmoja, Nkwimba, alinivuta kando akanieleza yote huku akilia. Nilipoondoka tu, Limbu aliamuru mahindi yale yaanikwe juani, yatiwe kwenye magunia mapya, yasagwe. Chakula kilikuwa kimepungua na wageni walikuwa njiani. Wapishi waliguna. Akawaambia atakayefungua mdomo atawafuata waliopunguzwa. Nkwimba alikuwa mjane mwenye watoto wadogo. Je, ningemlaumu?

Tume ya uchunguzi ilikuja. Nilikaa kiti cha mbele nikiwa bado na kanga ya msiba kichwani. Limbu akasimama, sauti tulivu, akasema ghala na jiko vyote vilikuwa chini ya Mwalimu Milembe, mkewe, ambaye alisafiri bila kuacha maelekezo. Aliniita kwa jina langu la kazini! Wapishi wakatazama sakafu. Nilipoeleza nilivyomwonya, waliniuliza nani alinisikia. Hakuna aliyenisikia. Niliyasema chumbani kwangu.

Nilifukuzwa kazi. Jilala aliondoa mapipa yake kimyakimya. Limbu alihamishiwa chuo kikubwa zaidi, na msiniulize ilikuwaje. Jambo la ajabu ni kwamba alitaka tuhame pamoja. Alikuwa ameshafunga vyombo! Nikamwambia atangulie. Tangu hapo sijakaa naye meza moja.

Lakini hayo yote nimeyazoea. Nisiloweza kulizoea ni maneno ya mdogo wangu. Holo hakulia kwa sauti siku ya mazishi kule Sola. Watu walipotawanyika alikuja akakaa karibu nami kwenye mkeka.

"Dada, ulijua?"

Nikamwambia nilijua.

"Ulimwambia nani?"

Nikamwambia nilimwambia shemeji yake.

Aliinuka, akakung'uta kanga yake. Kisha akasema, "Basi hukumwambia mtu."

Wasomaji wangu, hasa ninyi mliokabidhiwa watoto wa wenzenu, nawasihi msifuate njia yangu. Ukiona hatari kazini, iseme kikaoni, mchana, watu wakusikie, hata kama anayekosea mnalala kitanda kimoja. Usijali heshima ya nyumba. Leo hii natamani ningegombana na Limbu mbele ya chuo kizima, nikapiga kelele kama mwendawazimu, na Kabula akiwa amekaa pale kati ya wenzake, ameinamisha uso, akinionea aibu.