Maji ya Moto Chini ya Mwerezi

Nyani wa mlima Michlifen hawamwogopi mtu. Humpora mgeni mkate mkononi kisha wakamkodolea macho. Basi siku walipouhama mwerezi mkubwa wote kwa mpigo, mikate ikabaki kwenye theluji bila wa kuiokota, mwenye akili angefunga kibanda akashuka nyumbani. Moha hakuwa mtu huyo.

Moha alikuwa akiwakodishia wageni vibao vya kutelezea thelujini. Asubuhi ile kimoja kilikuwa kimegandia chini ya mwerezi, akakimwagia birika zima la maji yanayochemka. Hata bismillahi hakusema.

"We Moha, taja jina la Mungu!" mkewe Tuda akamkemea. "Hapo chini pana wenyewe wasioonekana."

"Mwenyewe ni mimi hapa!"

Chini ya theluji kitu kikalia, sauti nyembamba. Moha akasema ni barafu inapasuka.

Adhuhuri binti yao Izza akapiga ukelele kibandani. Hakuna moto uliomgusa, lakini mgongo mzima ulikuwa malengelenge, na kibanda kinanuka nywele zilizoungua. Tuda akakimbilia bondeni kumwita mganga, na huku nyuma ukungu ukashuka mchana kweupe, na ndani ya ukungu ule vibao vikaanza kuja mlangoni vyenyewe, vinapanda mlima badala ya kuuteremka, vitupu, vikichimba theluji kana kwamba vimepakia watu wazima, na kila kilichofika kilisimama kikimwelekea Moha.

Mganga, Lalla Rkia, alipofika hakuvuka kizingiti.

"Umemuunguza mtoto wa watu," akanong'ona. "Mama yake yuko nyuma yangu. Usimwangalie."

"Anataka nini, Lalla? Kuku mweusi? Nitachinja hata fahali!"

"Punguza domo. Anataka ulichompa mwanawe. Ukichukue wewe, la sivyo kitammaliza Izza."

Moha akamtazama binti yake. Akaliepua birika jikoni, akavua kiatu, akajimwagia mguuni. Alilia mpaka mate yakamtoka. Mle ndani Izza akanyamaza, akaomba maji ya kunywa. Malengelenge yakanywea mbele ya macho yao. Tuda akamkumbatia akicheka na kulia.

Lalla Rkia alikuwa bado ameinamisha kichwa, anasikiliza.

"Anasema ya huyo wa kwanza yamekwisha."

"Wa kwanza?"

"Uliwakuta wanawe wamelala, Moha. Saba."

Izza akaanza kupiga kelele upya. Moha akamnyooshea mkewe birika tupu.

"Jaza."