Nipe Chochote

Anko Breki alifumaniwa na mto mgongoni.

Alikuwa ameufunga kwa shuka, kama yaya anavyofunga mtoto, amesimama mbele ya kioo cha kabati akiutajia mto bei. "Kukaa na mtoto jioni moja ni nusu ya gharama ya kushona gauni," alisema kwa sauti nzito, kidole juu. "Sipunguzi." Akajikohoza. "Labda kidogo."

"Kwa hiyo unapunguza?"

Mwanamke alikuwa amesimama mlangoni. Jua lilikuwa linazama nyuma yake, sura haikuonekana vizuri.

Miaka mingi Anko Breki aliendesha malori ya masafa marefu. Alivuka mipaka mpaka akajua kuomba msamaha kwa lugha sita, na goti lake la kushoto, lile la klachi, likamfia njiani. Sasa aliishi ghorofa ya tatu na mdogo wake, fundi cherehani, na kazi yake ilikuwa kukaa na watoto wa majirani. Watoto walimpenda. Wazazi walimpenda zaidi, maana mdomo wake ulikuwa mzito kutaja bei. Akiulizwa, anasema utanipa chochote. Nao wanampa ndizi mbili na asante.

Asubuhi ile fundi alikuwa amemwambia, pini zikiwa mdomoni, "Kaka, leo ukiniletea ndizi tena, tutakula hizo ndizi tukiwa tumefukuzwa. Taja bei." Ndiyo sababu ya ule mto. Jioni fundi akatoka kupeleka magauni kwa wateja, na mlango ukaachwa wazi.

Mwanamke wa mlangoni alikuwa amemkumbatia mtoto aliyefungwa nguo nzito. Mwanamke mwenyewe alikuwa amelowa chapachapa. Mvua haikuwa imenyesha tangu mwezi uliopita. Na kulikuwa na harufu... majivu yaliyomwagiwa maji.

"Nina safari fupi," alinong'ona. "Taja bei, kaka. Mimi sipendi kudaiwa."

Sasa, utatajaje bei na mto mgongoni? Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Aa, dada. Mimi na wewe tutashindwana wapi? Utanipa chochote."

"Chochote?"

"Chochote."

Mwanamke akatabasamu kama mtu aliyeuziwa nyumba kwa bei ya kuku.

Akamwachia mtoto, akaenda zake. Mtoto alikuwa mzito kuliko umbo lake. Hakulia. Hakulala. Anko Breki akampakata, akamwigia honi ya lori, ile iliyowavunja mbavu watoto wote wa jengo. Mtoto akamtazama tu, kama askari wa mpakani anavyotazama hati yenye mashaka.

Ndipo akaisikia pumzi.

Yeye akivuta, mtoto anavuta. Akitoa, anatoa. Akajaribu kuibana.

Chumba kikawa kimya.

Mtoto naye ameibana. Anamtazama. Anasubiri...

Anko Breki akaachia pumzi kwa kishindo, na hapo mkono mdogo ukatoka kwenye nguo na kulishika goti lake la kushoto. Baridi ilipenya suruali ikaingia mfupani.

Taa za barabarani zilikuwa zinawaka mama aliporudi. Hatua zake hazikusikika. Alimchukua mwanawe, akainama, akalipulizia lile goti.

"Nimekulipa."

"Umenilipa nini, dada?"

Alikwisha kuondoka. Anko Breki alitazama sakafu pale aliposimama yule mwanamke aliyelowa.

Kavu.

"Leo hata ndizi hakuna," alijisemea, akainuka amfuatilie. Alifika ngazini ndipo akagundua kwamba hakushika ukuta.

Kila siku alfajiri alikuwa akiamshwa na cherehani, fundi akiikanyaga upande wa pili wa pazia. Siku iliyofuata aliamka mwenyewe. Kimya. Halafu...

Kach.

Sauti aliijua, ya goti lake bovu. Alikuwa ameisikia kila hatua kwa miaka tisa. Ila safari hii ilitoka nyuma ya pazia.

Fundi alikuwa ameketi sakafuni, goti la kushoto kalikumbatia. "Limenianza usiku, kaka. Halikunjiki. Nitakanyagaje mimi? Sare za shule zinatakiwa keshokutwa."

"Tulia. Nakuletea dawa."

Akaenda mbio. Na hapa ndipo penye jambo alilojaribu baadaye kulisahau: alifurahia. Ngazi za mwisho aliziruka zote kwa pamoja kama mtoto aliyetoroka shule. Duka la dawa lilikuwa karibu. Alizunguka kwa njia ndefu.

Aliporudi, fundi alimkodolea macho. "Umepanda ghorofa tatu kwa mbio?"

"Ni... yale mazoezi."

Fundi akacheka, machozi bado yanamlenga. "Basi angalau mmoja wetu amepona. Hongera, kaka." Akamsogezea chai, na sukari yote iliyobaki akaitia kwenye kikombe cha kaka yake. Anko Breki aliishika chai ile mpaka ikapoa.

Jua lilipoinama alitoka akasimama koridoni. Ilitangulia harufu. Kisha yule mwanamke, na mtoto wake, wamelowa.

"Ulichonipa ni cha mdogo wangu," Anko Breki alinong'ona.

"Ulisema chochote. Hukuuliza nitakitoa wapi."

"Leo nataja bei. Nitakulelea huyu mpaka aote ndevu. Goti la mdogo wangu lipone."

"Bei nzuri," alisema mwanamke kwa upole. "Nilitoe kwa nani?"

Jibu lilikuwa neno moja. Kwangu. Anko Breki alilijua, alilipanga ulimini, akafungua mdomo.

Goti lilikuwa jepesi. Jepesi mno. Akawaza zile ngazi. Akawaza usiku wa kujikanda kwa maji ya moto akiuma shuka. Akajiambia kwamba hajakataa, anavuta pumzi tu.

Mtoto naye akavuta pumzi.

Wakaibana, wote wawili, wakitazamana...

"Kwangu," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo ya mtu anayepunguza bei.

Aliuambia ukuta. Koridoni hakukuwa na mtu. Majivu tu, puani.

Akarudi ndani. Fundi alikuwa kwenye kigoda chake, mguu kaunyoosha pembeni kama gogo, anazungusha gurudumu la cherehani kwa mkono. Mshono mmoja. Akapumzika. Mshono mwingine. Mlango, muda wote ule, ulikuwa wazi.

"Mdogo wangu, nilikuwa nataka kumwambia yule mama kwamba..."

Fundi hakuinua uso kwenye ile sare.

"Nimesikia ulivyonyamaza, kaka. Funga mlango, mbu wanaingia."