Naomba Urudie

Kila asubuhi Lea alifagia uwanja, akachota maji, kisha akaenda dukani kujitolea. Duka lilikuwa hapahapa Makole, Dodoma, na lilitengeneza kompyuta. Mwaka 2003 kompyuta mjini zilikuwa chache. Lea, binti wa mkulima wa Bahi, akiifufua moja, watu walisimama kutazama.

Kampuni moja ya Botswana ilikuwa inatafuta mafundi, naye Lea akatuma maombi pamoja na cheti chake. Bosi alimpigia Lea kwa simu ya jirani yake, Frida. Aliongea Kiingereza haraka haraka. Lea hakuelewa vizuri, lakini kila swali aliitikia, "Yes, sir."

Baada ya siku mbili ikaja barua pepe: "Ulikubali kwamba hujawahi kufungua kompyuta. Cheti chako kinasema vingine. Tutapiga tena Ijumaa, mara ya mwisho."

Lea alilia. "Dada Frida, Kiingereza changu kibovu. Bora niache."

"Kiingereza chako kinatosha. Uliitikiaje swali usilolielewa?"

"Heshima, dada. Baba alitufundisha, mkubwa akisema unaitikia. Humwambii arudie."

Frida alicheka. Kazi yake ilikuwa kuandika maneno ya wabunge kutoka kwenye kanda za sauti za Bunge.

"Mimi nisiposikia, narudisha kanda," alisema. "Nikikisia, nimemsingizia mheshimiwa. Wewe huna kanda ya bosi, kwa hiyo mwombe arudie. Hiyo nayo ni heshima. Na usijidharau. Ulianza na Kigogo, ukajua Kiswahili. Hii ni lugha ya tatu."

Siku tatu walifanya mazoezi. Lea alizoea kusema kwa Kiingereza, "Naomba urudie polepole." Kisha alilirudia swali kwa maneno yake ili ahakikishe. Frida, kwa uchokozi, aliuliza maswali huku anatafuna karanga.

Ijumaa simu ikalia. Bosi akaanza kumimina maneno. Lea akamngoja amalize.

"Samahani, bwana. Naomba urudie polepole."

Bosi akarudia.

"Unauliza nianzie wapi kompyuta ikigoma kuwaka?"

"Hasa."

"Naanza na waya wa umeme. Kisha swichi ya nyuma. Nikiona vizima, ndipo nafungua."

"Kwani hujawahi kufungua kompyuta?"

Safari hii Lea alilisikia swali hilo neno kwa neno, akajua ndilo aliloliitikia "Yes, sir" mara ya kwanza. "Nimefungua, bwana. Nyingi."

Bosi alicheka. "Wateja wetu nao huongea haraka. Namtaka fundi anayeuliza kabla ya kushika bisibisi. Kazi ni yako."

Nakuambia, Frida alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje.

Lea alipiga simu Bahi, kwa mwenye duka la kijijini. Akaitiwa baba yake, mzee Yotham.

"Shikamoo, baba. Nimepata kazi Botswana. Ya kompyuta."

"Marahaba. Hebu rudia, mwanangu."

"Hunisikii, baba?"

"Nimekusikia vizuri sana. Rudia, nampa simu jirani yetu mzee Marko, naye asikie."