Nilimkanda Mdogo Wangu Mguu Uliokatazwa

Nina miaka arobaini na mbili, naishi Kipawa. Kazi yangu ilikuwa kukanda wazazi. Mwanamke akijifungua, naitwa mie na maji yangu ya moto. Ndugu wasomaji, mikono hii ilisifiwa mtaa mzima... na mikono hii hii ndiyo imemuua mdogo wangu!

Mdogo wangu huyo, Mwanaidi, alijifungua mtoto wa kike kwa upasuaji. Mumewe, dereva wa lori, alikuwa safarini Tunduma, basi nikamchukua nimuuguze kwangu.

Siku ya tisa mguu wake wa kushoto ukavimba, kuanzia pajani hadi vidoleni. Tukaenda zahanati. Daktari, binti mdogo tu, akauminya, akaandika karatasi. Akasema twende hospitali kubwa siku ile ile akapigwe picha ya mishipa. Ionekane kama ni damu imeganda ndani ya mshipa, au ni ile mishipa ya maji ya mwili imeziba, inayoleta matende.

"Na mama, mguu huu usikandwe kabisa," akaniambia.

Usikandwe! Mie niliyeanza kukanda wazazi yeye hajaanza hata shule? Marehemu mama yetu aliugua matende miaka mingi, nikajiona siyahitaji mapicha kuyajua. Nikaikunja ile karatasi, tukarudi nyumbani.

Shemeji alipopiga simu kuuliza, nikamwambia amepimwa, mishipa ni mizima. Nilidanganya bila hata kigugumizi!

Mwanaidi akaniangalia. "Dada, si twende tu?"

"We hunijui mie? Nikikukanda siku tatu utakimbia."

Aliniamini. Tangu utotoni aliniamini...

Nikamkanda siku mbili. Alilia, nikamwambia avumilie. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, nimekandamiza kitambaa cha moto pajani, akashtuka. "Dada, kifua! Sipati pumzi!"

Tulimkimbiza hospitali kwa bajaji. Wakamwekea oksijeni, daktari akaleta mashine, akapitisha kifaa juu ya miguu yake. Nilikuwa nimesimama pale pale. Mguu wa kulia, kwenye kioo cha mashine, damu ilionekana inapita, nyekundu na bluu. Wa kushoto... weusi tupu! Hakuna kilichopita.

"Donge la damu limeziba hapa," alisema. "Nadhani kipande kimekatika, kimekwenda mapafuni. Nani kaukanda mguu huu?"

Mdogo wangu, kwa pumzi ile kidogo aliyokuwa nayo, ndiye aliyejibu.

"Hakuna... mtu."

Adhuhuri haikumkuta.

Baada ya hitima nilimweleza shemeji ukweli wote. Hakunipiga wala hakunitukana. Aliuliza mara moja tu, "Kwa hiyo hakupimwa?" Kisha akambeba mwanawe, akampeleka kwa bibi yake Mbweni. Sasa mtoto anatembea. Nikienda kumwona, naishia getini.

Kukanda nimeacha. Lakini kuacha kutanirudishia nani?

Kina mama wenzangu, mguu mmoja ukivimba baada ya uzazi, nendeni mkapigwe picha siku hiyo hiyo! Nanyi wakandaji, mkiambiwa msiguse, msiguse. Niliambiwa dawa ya donge lile ipo, na alikuwa na siku mbili nzima za kuipata... Siku hizo nilimnyima mie, dada yake, kwa kiburi tu. Nawasihi, msimfanyie hivyo mtu anayewaamini.