Binamu wa Upande wa Mama

Wahenga walisema hasira hasara. Wahenga hao hawakuwahi kupanda mabasi mawili na kuvuka mto kwenda kununua kitunguu.

Renita Gaskins alikuwa ameyapanda. Jumamosi ile ya kabla ya Sikukuu ya Shukrani alitoka mlangoni mwa duka kubwa la ng'ambo ya mto akiwa amefura. Alikuwa mwanamke wa kimo, msusi anayejulikana, na siku hiyo alivaa koti la sufu la rangi ya chungwa na buti nyekundu. Mikono yote miwili imejaa mifuko: sukuma wiki, shingo za bata mzinga zilizokaushwa kwa moshi, unga wa mahindi, na viazi vitamu vya kutengenezea pai ya mama yake. Watu walikuwa wamesongamana mlangoni, kila mtu anasukuma, kila mtu ana haraka. Ghafla mfuko mmoja ukapasuka na viazi vikabingirika chini ya magari.

"Shenzi!" Renita alifoka. "Hata mfuko unanidharau!"

"Jitni, dada?"

Sauti ilitoka chini. Mwanamume mmoja alikuwa amechuchumaa kando ya gari, anavuta kiazi kwenye uvungu. Mrefu, mwembamba, kofia ya manyoya kichwani, na mwilini jaketi la ngozi kuukuu lililomzidi mabega.

"Sihitaji jitni," Renita alimjibu. "Nahitaji duka mtaani kwangu."

"Duka sina. Gari ninalo." Akasimama, viazi kifuani. "Wewe ni wa mtaa wa Coburn, au siyo? Hasira hizo ni za Coburn."

Jitni ndiyo teksi bubu ya Pittsburgh: gari la mtu binafsi, halina leseni wala taa ya juu. Bila gari hilo watu weusi wa vilimani wangekufa njaa, maana teksi zenye leseni zilikataa kupanda huko tangu enzi za babu zao. Renita alitazama njia ya basi, akatazama theluji inayoanza kudondoka, akafungua mlango wa nyuma wa gari.

"Mbele, mbele!" yule mwanamume akamaka. "Unataka kunifungisha? Polisi wakitusimamisha, mimi ni nani wako?"

Renita alijikuta anacheka bila kutaka. Jibu hilo kila mtoto wa Coburn hulijua kabla hajajua kuandika jina lake.

"Binamu yangu."

"Wa upande gani?"

"Upande wa mama. Yule mkorofi."

"Basi kaa mbele na binamu yako mkorofi. Naitwa Thurman."

Walipofika Coburn alimbebea mifuko mpaka jikoni, akavua kofia mbele ya Bi Odessa, mama yake Renita, akakataa kukaa, kisha akakaa. Alipoondoka alikuwa ameshakula pai.

Coburn haina duka. La mwisho lilifungwa Renita akiwa shule ya msingi, na jengo lake lipo mpaka leo, madirisha yamezibwa kwa mbao. Kilichobaki ni kiduka cha kona, muuzaji kajificha nyuma ya kioo kisichopenya risasi. Humo mna bia, bisi, tiketi za bahati nasibu, na kikapu cha ndizi zilizopiga weusi, zinazouzwa mojamoja kama sigara. Watu wanakula kinachopatikana, halafu daktari anawauliza kwa nini hawali mboga. Bi Odessa aliulizwa hivyo mpaka figo zikaisha, na sasa alikuwa akiunganishwa na mashine ya kusafisha damu. Kila aliporudi kutoka huko amepauka, Renita alipata nguvu mpya ya kuchukia lile jengo tupu. Yeye na wanawake wenzake walikuwa wakilipigania liwe duka la ushirika. Walikwenda ofisi hii wakaambiwa nendeni ile, wakaenda ile wakaambiwa rudini.

Katikati ya vita hivyo, simu ilikuwa ikilia saluni.

"Haloo, binamu."

"Binamu mwenyewe. Nina kichwa cha mtu mkononi, sema haraka."

"Nipo dukani ng'ambo. Nikuletee nini?"

"Nyanya. Nyekundu kweli, siyo zile zenye ladha ya karatasi."

"Wanawake wengine huomba maua, Renita."

"Maua nitayakaanga?"

Wateja waliangua kicheko chini ya mashine za kukaushia nywele. Nyanya zililetwa, na maua pia. Krismasi ilipopita, Thurman alikuwa na ndoano yake ya kutundikia jaketi nyumbani kwa Bi Odessa. Lilikuwa jaketi la marehemu baba yake, aliyelivaa kwenda kiwanda cha chuma mpaka kiwanda kikafungwa.

Jioni moja aliegesha gari mbele ya lile jengo, akambusu Renita mpaka vioo vikafanya ukungu.

"Hapa duka litakapofunguliwa," Renita alisema, kichwa begani pake, "nitakuja kwa miguu. Nitakushika mkono, tuchague nyanya kama watu wenye akili. Hatutapanda gari tena, mpenzi."

Thurman alinyoosha mkono akawasha injini. Renita alidhani ni baridi.

Mwezi wa pili diwani wao, Bwana Haskell Drummond, aliitisha mkutano katika ukumbi wa chini wa kanisa. Alikuja na suti ya kijivu, viatu vinang'aa, na tabasamu la mtu aliyekwisha amua. Jengo la Coburn, alitangaza, limepata mpangaji. Ni kliniki ya kusafisha damu kwa wagonjwa wa figo.

"Huduma inawafuata wananchi mlangoni," alisema, akasubiri makofi.

Renita alisimama.

"Diwani, mmetunyima mboga mpaka figo zikaoza, sasa mnatuletea mashine? Si mlete na fundi wa majeneza akae mlango wa pili, tumalizane!"

Ukumbi ulilipuka. Wazee waligonga fimbo sakafuni. Diwani aliinua kiganja, tabasamu halijamtoka.

"Dada yangu, tusitishane. Watu wa Coburn wana njia zao za kufika dukani, na sijasikia mtu akilalamika. Au siyo, Thurman?"

Shingo zote ziligeuka. Thurman alikuwa ukutani, karibu na birika la kahawa. Kila mtu alijua kuwa kituo cha jitni, kile chumba chenye simu na jiko na meza ya dhumna, kinaishi kwa sababu diwani anaamua kutokiona.

"Sema, Thurman," Renita alimsihi. "Waambie unavyowabeba mama zetu na mifuko yao. Waambie unachokiona."

"Kumbe mnajuana?" diwani alidakia. "Bwana Thurman, huyu dada ni nani wako?"

Maisha yake yote Thurman alikuwa ameulizwa swali hilo na watu wenye tai na watu wenye bunduki, na mdomo wake ulijua jibu moja tu. Lilitoka kabla hajaliona.

"Ni binamu yangu."

Ukumbi mzima ulicheka. Walicheka mpaka wengine wakafuta machozi, na diwani akacheka nao, na katika kicheko hicho hoja ya duka ikazama. Bi Odessa aliinamisha uso. Renita alichukua koti lake la rangi ya chungwa akatoka.

Simu ililia kabla hajafika nyumbani.

"Mpenzi, ulimi uliteleza."

"Haukuteleza. Umezoea."

"Ningesema naendesha jitni, kesho kituo kingefungwa. Unamjua yule."

"Sikukuomba useme jitni! Nilikuomba useme njaa!"

Halafu Thurman naye akapandisha sauti, kwa mara ya kwanza tangu wajuane.

"Na duka likija, mimi nitakula nini? Umewahi kuniuliza? Hata siku moja, Renita?"

Hakuwahi. Ilimchoma kwa sababu ilikuwa kweli, na kwa kuwa ilimchoma, alimrudishia kali zaidi.

"Kumbe! Kumbe unakula kwa sababu mama yangu hali!"

"Usiseme hivyo."

"Nimeshasema. Gari bubu, na dereva wake bubu. Usinipigie tena, binamu."

Alikata simu akalia pale pale njiani, kwa uchungu na kwa ghadhabu, hajui kipi kinazidi.

Akarudia mabasi yake mawili. Siku moja aliteleza kwenye barafu kituoni, mayai yote yakavunjika ndani ya mfuko. Gari analolijua likapunguza mwendo, kioo kikashuka.

"Panda, Renita. Sikudai kitu."

"Nitatambaa."

Na kweli alifika nyumbani amelowa magoti, ute wa mayai unadondoka. Bi Odessa, mkono umefungwa bandeji walipotoboa sindano, alimpokea mfuko.

"Mwanangu, hasira yote unaimalizia kwa yule kijana. Diwani umemwekea nini?"

"Mama, alinikana mbele ya watu!"

"Alikukana, ndiyo. Na mimi ningemtandika. Lakini nimekuuliza, diwani umemwekea nini?"

Renita alichukua ndoo. Alifuta sakafu, na kila alipokamua tambara alikuwa anapanga maneno.

Baraza la jiji lilipangiwa kuamua habari ya jengo siku ya kazi, asubuhi, katikati ya mji, mahali ambapo kikongwe wa Coburn hafiki bila kubadilisha mabasi kwenye theluji. Hila hiyo Renita aliiona. Siku ilipofika aliketi kwenye benchi la mbele na wenzake wachache, viti vya nyuma vitupu, na diwani Drummond akawa anapekua makaratasi yake kwa raha.

Ndipo milango ikafunguliwa. Waliingia kina bibi wa Coburn, mmoja baada ya mwingine, wamevaa kofia zao za kanisani zenye manyoya na maua, kila mmoja anavuta kitoroli chake cha sokoni, kitupu. Magurudumu yalilia kwenye sakafu ya mawe, baraza zima likanyamaza kuyasikiliza. Nyuma yao waliingia madereva wa jitni, kofia mkononi. Simu ya kituo ilikuwa imeachwa ilie peke yake. Wa mbele kabisa alikuwa Thurman, amemshika mkono Bi Odessa.

Hakumtazama Renita. Alikwenda moja kwa moja kwenye kipaza sauti.

"Naitwa Thurman Pettis. Naendesha jitni."

Watu walivuta pumzi. Neno hilo halisemwi pale.

"Hairuhusiwi, najua. Na mheshimiwa Drummond anajua, kwa sababu mama yake mzazi namchukua mimi kila Ijumaa." Kicheko kilianza pembeni, yeye hakukingoja kiishe. "Hawa hawana pa kununua chakula, ndiyo maana mimi napata chakula. Nimeila njaa yao, nikanyamaza ili niendelee kuila. Leo imenikwama kooni. Mtu aliniambia mimi ni bubu, na alisema kweli. Msiwape mashine. Wapeni duka. Mimi nitajua pa kwenda."

Kisha Renita alisimama, na yale aliyoyakamua kwenye tambara akayamwaga yote. Alipomaliza, diwani hakuwa na tabasamu. Wenzake walipiga kura, na kliniki ikakataliwa. Duka halikupatikana siku hiyo. Ilipatikana ahadi kwamba jengo halitapewa mtu mwingine, na Renita alikuwa amekula ahadi za jiji nyingi mno kuweza kushiba kwa hiyo moja.

Nje kulikuwa na polisi wawili, na gari la kuvuta magari limekwisha liinua gari la Thurman magurudumu ya mbele. Nani aliwaita, kila mtu alikisia, hakuna aliyeuliza.

"Huyu aliwaleta?" polisi mmoja aliwauliza kina bibi. "Ni nani wenu?"

"Binamu yetu!" waliitikia kwa pamoja, kama kwaya.

"Nyote?"

"Ukoo wetu mkubwa," alisema Bi Odessa.

Polisi alimgeukia Renita. "Na wewe, dada? Binamu yako pia?"

Renita alimtazama Thurman, amesimama ndani ya jaketi la baba yake, anatazama gari lake linavyoning'inia.

"Hapana," alisema. "Huyo si binamu yangu."

Thurman alifumba macho.

"Huyo tunaoana."

"Lini?" Thurman alimaka, macho yamemtoka.

"Usinikatize, naongea na askari." Halafu sauti ikamvunjika kidogo. "Na bado nina hasira na wewe, usidhani zimeisha."

"Nitakuoa na hasira zako."

"Zina watoto."

"Nitalea."

Gari likavutwa hata hivyo. Walirudi Coburn wamebanana kwenye magari ya madereva wengine, na hakuna aliyetaka kwenda nyumbani. Walishukia mbele ya jengo. Renita alilikaribia lile lango lililozibwa, akainua ngumi, akalipiga ubao kwa nguvu zake zote.

"Hodi!"

Thurman akaja akasimama kando yake, akamshika mkono, akapiga kwa mwingine. "Hodi!"

"Hodi!" wakaitikia kina bibi, fimbo na vitoroli vinagonga mbao mpaka vumbi la miaka likaanguka.

Ndani hakukujibu mtu. Mstaarabu hubisha hodi mara tatu, asipokaribishwa akaenda zake. Wao wakabisha ya nne.