Kambi ya Wageni Kwenye Chemchemi

Kila asubuhi Atuganile alimnywesha mwanawe Tusekile uji kwanza, ndipo naye akagusa kikombe chake. Mtoto mwenyewe ni mmoja tu, basi roho ya mama ilikuwa juu juu siku zote. Mtoto akikohoa kidogo, mama hali.

Walikaa kijiji cha Ikuti, chini ya mlima. Maji waliteka kwenye kijito kinachoshuka kutoka msitu wa hifadhi mlimani. Yalikuwa maji baridi, yanang'aa, unaona mpaka mchanga chini. Nani angehangaika kuyachemsha?

Ilikuwa ile miaka serikali ilipofungua milango ya biashara. Maduka ya mji wa Tukuyu yalijaa vitu vya makopo na mifuko ya nailoni, na watalii nao wakaanza kuja. Mumewe, Ambwene, aliacha kuchuma chai akawa anawaongoza kupanda mlima.

"Hawa wa leo nimewapa mahali pazuri sana," alisema jioni moja akivua viatu. "Hema zao ziko pale pale chemchemi inapotoka. Mtu ananyoosha mkono tu, anachota."

"Umefanya vema, Baba Tusekile," Atuganile alijibu. "Mgeni wetu ahangaike kutafuta maji? Tungeonekana watu gani!"

Kambi ikawa hapo, kundi baada ya kundi.

Mvua zilipoanza, Tusekile akaharisha. Hata uji akawa anautapika. Macho yalididimia, akilia hana machozi. Atuganile alimfunga mgongoni akakimbilia zahanati, huku akimwita jina njia nzima ili asilale.

Pale walimpa maji yenye dawa ya chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko, mpaka akapata nguvu ya kulia tena. Atuganile naye akalia kwa furaha.

"Shukuru umemwahisha," alisema Hezron, bwana afya. "Maji mnateka wapi?"

"Kijitoni. Yanatoka mlimani, ni safi kabisa."

"Juu kule kuna nini?"

Atuganile akakumbuka hema za wageni.

Mtoto alipopona, Atuganile alimwacha kwa bibi yake, akapanda na mumewe na bwana afya. Nyuma ya kambi walikuta makaratasi na vinyesi. Povu la sabuni lilielea kwenye chemchemi. Makopo na betri vilitupwa ovyo, na miti michanga ilikuwa imekatwa kwa kuni.

"Mvua ikinyesha, uchafu huu wote unaingia majini," Hezron alieleza. "Vijidudu vya kuhara huvioni kwa macho. Na miti ikiisha, udongo utaporomoka, chemchemi itakauka."

Ambwene aliinamisha kichwa. "Sasa bwana afya, nimwambie mgeni akajisaidie mbali? Naona aibu."

"Aibu!" Atuganile alifoka. "Wamepanda mlima mzima kwa miguu yao, watashindwa kutembea mpaka chooni? Mwanangu alikuwa anakufa, wewe unaona aibu!"

Hezron akacheka, na Ambwene mwenyewe akacheka kwa shida.

Wiki ile wanaume wa kijiji walihamisha kambi, wakaiweka mbali na maji, upande wa chini wa chemchemi. Walichimba choo cha shimo, wakakifunika. Maji ya wageni yakabebwa kwa ndoo, na ya kuoga yakamwagwa mbali na kijito. Chakula kikapikwa kwa jiko la mafuta ya taa. Na kila anayepanda alipewa gunia: unachopanda nacho, unashuka nacho.

Ambwene aliwaeleza wageni kwa woga. Hawakukasirika hata kidogo. Walisema, mbona hukutuambia mapema?

Nyumbani, Atuganile akachemsha maji ya kunywa kila siku, na anachemsha mpaka leo. Mama mwenzangu, usidanganywe na maji yanayong'aa. Chemsha. Halafu uliza juu kuna nini.

Siku moja wageni walipita wakishuka, wamebeba magunia ya takataka mgongoni. Tusekile alikuwa uani, mashavu yamejaa, anawapungia mkono. Atuganile alitoka mbio na ndizi za kuchoma.

"Ndaga fijo," aliwaambia. "Asanteni sana."

Walidhani anauza, wakaanza kupapasa mifuko.

"Hapana, hapana," alisema, akiyagusa magunia yao. "Kwa hiki mlichobeba."